Siku hizi na zamani: mwongozo kamili wa kutafiti mabadiliko katika familia, kazi na maisha ya kila siku

Mengi tunayosema kuhusu familia huanza na maneno mawili: siku hizi. Siku hizi vijana hawataki kuoa. Siku hizi wazazi hawana muda na watoto. Siku hizi kazi haina uhakika. Kila moja ni dai la kitafiti, hata kama msemaji alikuwa anapiga soga tu, kwa kuwa ndani yake mna ulinganisho: kuna leo, na kuna zamani fulani ambayo haikutajwa mwaka. Kazi ya mtafiti wa mabadiliko ya jamii ni kuipa zamani hiyo tarehe, kisha kuipima pamoja na leo kwa rula ileile. Hilo la rula ndilo linalowashinda wengi, na ndilo nitakalolikalia zaidi hapa.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi anayeandaa tasnifu, mfanyakazi wa shirika anayetakiwa kuonyesha nini kimebadilika, mwandishi wa habari, au yeyote aliyechoka kukisia. Hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji subira, na unahitaji kuwaheshimu watu watakaokufungulia mlango wa nyumba yao.

Hatua ya 1: Geuza lalamiko kuwa swali

Chukua lile la wazazi kukosa muda. Wazazi gani? Wanaoishi na mtoto wa umri gani? Muda upi: wa kumlisha na kumwogesha, wa kumsaidia masomo, au wa kukaa naye chumba kimoja kila mmoja akiwa na shughuli yake? Siku ya kazi au siku ya mapumziko? Tangu mwaka gani? Ukishayajibu hayo unapata kitu kama hiki: je, muda ambao akina baba wanaoishi na watoto wa chini ya miaka sita hutumia kuwahudumia katika siku ya kazi umebadilika kati ya 2005 na 2025? Swali limepungua ukubwa, lakini sasa linajibika.

Nina kipimo kimoja cha swali zuri: jibu la "hapana, hakuna kilichobadilika" lazima liwezekane. Kama swali lako linaanza na "kwa nini familia zinavunjika", umeshajibu kabla ya kuuliza, na hakuna dodoso litakalokuokoa.

Kuna kisa cha utafiti ambacho kila anayeanza kazi hii anapaswa kukijua. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Uingereza ya kabla ya viwanda ilijaa kaya kubwa, za babu, wajukuu na wajomba chini ya paa moja, na kwamba viwanda ndivyo vilivyozisambaratisha. Kuanzia miaka ya 1960 mwanahistoria Peter Laslett na wenzake huko Cambridge walifanya jambo rahisi ambalo wengi hawakuwa wamejishughulisha nalo: walihesabu. Walichukua orodha za wakazi wa jumuiya 100 za miaka ya 1574 hadi 1821 na kuhesabu watu kaya kwa kaya. Wastani ulikuwa watu 4.75. Ile zamani iliyosemekana kupotea haikuwa imekuwepo kwa namna ilivyosimuliwa. Baadaye wengine walitoa angalizo la haki, kwamba wastani wa siku moja huficha jinsi kaya inavyotanuka na kusinyaa kadiri watu wanavyooa, wanavyozaa na wanavyofariki. Angalizo hilo nalo lilitoka kwenye hesabu, halikutoka kwenye hisia.

Hatua ya 2: Itafute zamani kabla ya kwenda kuhoji

Kosa la kawaida ni kutunga dodoso zuri kabisa, kulisambaza, kisha kugundua kwamba hakuna cha kulinganisha nacho. Anza na zamani. Jiulize ni taarifa gani tayari zipo, nani alizikusanya, kwa maneno gani, halafu dodoso lako lizifuate.

Chanzo cha kwanza ni sensa na tafiti zinazorudiwa kwa watu wapya kila mara. Idara ya takwimu ya nchi yako ina ripoti za sensa, za nguvukazi na za bajeti ya kaya. Chuo Kikuu cha Minnesota, kupitia mradi unaoitwa IPUMS, hukusanya sampuli za sensa za nchi nyingi na kuoanisha misimbo yake (namba zinazowakilisha majibu), na mtafiti hupewa bila malipo akijiandikisha. Tafiti za afya na demografia zinazojulikana kwa ufupisho wa DHS zilianza 1984, na kwa kuwa maswali yake ya msingi yanafanana kutoka awamu hadi awamu, zinafaa sana kwa mambo ya ndoa, uzazi na watu wanaoishi katika kaya. Tafiti za aina hii zinakuonyesha jamii imesogea kiasi gani. Hazikuonyeshi ni nani aliyesogea, kwa sababu waliohojiwa mara ya kwanza si waliohojiwa mara ya pili.

Ukitaka kujua nani aliyesogea, unahitaji chanzo cha pili: tafiti zinazofuatilia watu walewale. Uingereza iliwaandikisha watoto waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946 na kuendelea kufuatilia 5,362 kati yao mpaka uzeeni. Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kilianza 1968 kufuatilia familia zipatazo 5,000, na watoto waliotoka kwenye familia hizo kwenda kuanzisha zao wakafuatiliwa nao. Huwezi kujenga kitu kama hicho kwa tasnifu ya miaka miwili, ila unaweza kuomba data na kuichambua.

Njia ya tatu naipenda kuliko zote kwa mtafiti mwenye mfuko mdogo: kurudi mahali ambapo mwingine alishatafiti. Watafiti Robert na Helen Lynd, mume na mke, waliishi mji wa Muncie, Indiana, nchini Marekani, mwaka 1924 na 1925, wakichunguza kazi, nyumba, shule, mapumziko na dini. Robert alirudi 1935, katikati ya mdororo wa uchumi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 timu nyingine, ikiongozwa na Theodore Caplow, ilikwenda tena na maswali mengi yaleyale, na ikakuta familia za mji huo zikiwa imara kuliko ilivyodhaniwa. Lakini ukirudi, rudi na macho yako. Akina Lynd waliwaweka kando wakazi Weusi wa mji huo, kwa hiyo anayelinganisha bila kulitaja hilo anaurithi upofu wao. Tasnifu za zamani katika maktaba ya chuo chako zimejaa vijiji na mitaa iliyochunguzwa mara moja ikaachwa. Soma sura ya mbinu na viambatisho kwanza. Ukikuta dodoso limeambatishwa neno kwa neno, umepata mali.

Njia ya nne ni kumbukumbu za watu na nyaraka: rejesta za ndoa, daftari za mishahara, barua, matangazo ya kazi magazetini, picha. Ni njia nzuri ya kujaza pengo, na nitaigusa tena kwenye mahojiano.

Hatua ya 3: Tenganisha umri, kipindi na rika

Hapa ndipo hoja nyingi hukwama, basi tulia nami kidogo.

Tuseme unakuta kwamba watu wa miaka 25 wanabadilisha kazi mara nyingi kuliko watu wa miaka 55. Je, ni mabadiliko ya jamii? Huenda ni umri tu: kila kijana hujaribu hapa na pale, naye akifika 55 atatulia. Huenda ni kipindi: mwaka uliofanya utafiti ulikuwa mbaya kiuchumi na umewatikisa wote. Huenda ni rika: waliozaliwa miaka fulani waliingia kazini kwa mikataba mifupi, na hali hiyo itawafuata mpaka wastaafu. Mambo haya matatu yamefungamana kihesabu, kwani mwaka wa utafiti ukitoa mwaka wa kuzaliwa unabaki na umri. Ukijua mawili, la tatu limeshajulikana. Ndiyo maana hakuna kompyuta itakayokutenganishia yote matatu bila wewe kuweka dhana fulani mezani na kuitetea.

Kwa vitendo, chora jedwali. Kwenye safu wima weka miaka ya utafiti: 2000, 2010, 2020. Kwenye mistari weka umri: 20 hadi 29, 30 hadi 39, 40 hadi 49. Ukisoma kutoka juu kwenda chini ndani ya mwaka mmoja unaona tofauti za umri zikiwa zimechanganyika na za rika. Ukisoma mlalo unalinganisha watu wa umri sawa katika nyakati tofauti, na hapo mabadiliko ya jamii yanaanza kuonekana. Ukisoma kwa mshazari, yaani wenye miaka 20 hadi 29 mwaka 2000, kisha 30 hadi 39 mwaka 2010, kisha 40 hadi 49 mwaka 2020, unalifuata rika moja linavyozeeka. Soma njia zote tatu kabla ya kuandika neno "mabadiliko".

Umuhimu wa rika ulionekana wazi katika kazi ya mwanasosholojia Glen Elder. Alilinganisha watoto wa Oakland, California, waliozaliwa 1920 na 1921, na wale wa Berkeley jirani waliozaliwa 1928 na 1929. Mdororo wa miaka ya 1930 uliwapiga wote. Wa kwanza ulipowafika walikuwa wakubwa kiasi cha kuweza kusaidia nyumbani na kutafuta vibarua. Wa pili uliwakuta bado wadogo, wakiwa tegemezi kabisa. Tukio lilikuwa moja na miji ilikuwa jirani, lakini athari zilitofautiana, na wavulana wadogo wa Berkeley ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo unapouliza tukio kubwa limebadilisha nini, uliza pia limemkuta mtu akiwa na umri gani.

Hatua ya 4: Kagua rula

Takwimu inaweza kupanda au kushuka bila mtu hata mmoja kubadili maisha yake. Inatosha ofisi kubadili swali.

Mfano mkubwa ni neno "kazi". Mwaka 2013 mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulipitisha fasili mpya. Kazi ikawa ni pana, ikijumuisha kuhudumia nyumba na kulea bila malipo. Ajira ikabanwa: ni ile inayofanywa kwa malipo au faida. Mkulima anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake alihesabiwa kuwa na ajira chini ya fasili ya zamani. Chini ya mpya anafanya kazi, lakini hayumo kwenye ajira. Nchi inapohama kutoka fasili moja kwenda nyingine, kiwango cha ajira, hasa cha wanawake wa vijijini, kinaweza kuporomoka kwenye jedwali huku mashambani kila mtu akiendelea na jembe lake. Mtafiti asiyesoma maelezo chini ya jedwali atatangaza janga ambalo halikutokea.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mpaka 1993, utafiti wa kila mwezi wa nguvukazi ulifungua kwa swali kuhusu shughuli kuu ya wiki iliyopita, na mhoji aliruhusiwa kulitunga kulingana na aliyemwona mbele yake: anayeonekana mama wa nyumbani aliulizwa kama alikuwa akitunza nyumba, mwingine aliulizwa kama alikuwa kazini. Dodoso lilisukwa upya Januari 1994. Fikiria ni vibarua vingapi vya wanawake vilivyopotea kwenye mlango ule kwa miaka yote iliyotangulia.

Kwa hiyo andaa daftari la rula. Kwa kila takwimu utakayotumia, andika swali lenyewe neno kwa neno, nani aliulizwa, kama alijijibia au alijibiwa na mwingine, kipindi kilichoulizwa (jana, wiki iliyopita, mwaka uliopita), mwezi wa utafiti, na njia: ana kwa ana, simu au mtandao. Jambo la mwisho si dogo. Mwaka 2020 janga la Uviko-19 lililazimisha idara nyingi za takwimu kuacha kwenda majumbani na kupiga simu badala yake, na asiye na simu alitoweka kwenye hesabu.

Sisi tunaohoji kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada, na nadra naona miongozo ikiitaja. Ukiuliza "una watoto wangapi?" mtu anaweza kuhesabu aliowazaa, anaowalea, na watoto wa ndugu zake, na kwa lugha yetu hajakosea. Uliza waliozaliwa na yeye, halafu uliza wanaoishi naye, halafu uliza anaowagharimia wanaoishi kwingine. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja au mtu wa ukoo. "Baba" anaweza kuwa kaka wa baba. "Familia" kwa mhojiwa inaweza kuvuka mipaka ya nchi, ilhali wewe unamaanisha kaya, yaani wanaolala na kula pamoja. Na neno "kazi" lina mtego wake: ukiuliza "unafanya kazi?" wengi husikia "umeajiriwa?". Wanaotoka alfajiri kuchuuza hujibu hapana kwa moyo safi. Uliza badala yake: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya chochote cha kukuingizia fedha au bidhaa, hata kwa saa moja?"

Hatua ya 5: Pima siku, usiulize wastani

Ukimwuliza mtu anatumia saa ngapi kwa wiki kufanya kazi za nyumbani, anakupa namba aliyoitunga papo hapo, na mara nyingi ni namba inayomfaa. Watafiti wa matumizi ya muda walishalitambua hilo, ndiyo maana hutumia shajara: mtu anasimulia siku moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, kitendo kwa kitendo. Katika miaka ya 1965 na 1966 Alexander Szalai wa Hungaria aliongoza utafiti wa shajara katika nchi 12, zikiwemo za kambi zote mbili za vita baridi. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, limekuwa likifanya utafiti wa namna hiyo kila baada ya miaka mitano tangu 1960. Umoja wa Mataifa una orodha ya shughuli kwa ajili ya kuweka misimbo, toleo la 2016, na nakushauri uitumie badala ya kubuni yako, ili data yako iweze kuzungumza na za wengine.

Shajara inakuwa na safu tano: ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulikuwa unafanya nini kingine wakati huohuo, ulikuwa wapi, na nani alikuwepo. Tafiti za Ulaya hugawa siku katika vipande vya dakika kumi. Utafiti wa Marekani ulioanza 2003 huchukua saa 24 kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi alfajiri, saa ambayo watu wengi wamelala, hivyo usiku haukatwi katikati.

Ona inavyofanya kazi. Mama wa mfano wetu anaulizwa jana alifanya nini. Anajibu: "Hakuna, nilikuwa nyumbani tu." Mhoji mzuri hapingi wala hatabasamu. Anasema: "Sawa mama, tuanze ulipoamka. Ilikuwa saa ngapi?" Saa 11:30 alfajiri. Kuanzia hapo hadi saa 1:00 asubuhi aliwaandaa watoto wa shule. Hadi saa 2:15 alifua, mtoto mchanga akiwa kando yake. Hadi saa 3:00 alimwogesha na kumvisha mama mkwe. Hadi saa 5:30 alishona nguo ya mteja, mtoto bado yuko kando. Jumla ni saa sita, na mchana haujafika. Kati ya hizo, saa mbili na nusu ni za kipato na saa tatu na nusu ni za kazi isiyolipwa. Ile safu ya "nini kingine" inatoa saa tatu na dakika arobaini na tano za kumwangalia mtoto, ambazo zisingeonekana popote kama ungeandika shughuli moja tu kwa kila kipande. Haya yote yalikuwa ndani ya "hakuna".

Angalizo la saa. Wahojiwa wetu husema saa kwa Kiswahili, programu za kuingizia data hutaka saa za namba 24. Mhoji mmoja akiandika "saa mbili" kama 02:00, mtu anaonekana anafua usiku wa manane. Amueni mapema: andikeni kama mhojiwa alivyosema, pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku, na ubadilishaji ufanywe baadaye na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo.

Gawanya shajara katika siku zote za juma, na ukiweza katika misimu tofauti. Ukikusanya zote Jumamosi, utakuwa umepima Jumamosi.

Hatua ya 6: Hoji maisha, kwa kalenda mkononi

Kumbukumbu huvuta mambo. La zamani huhisiwa kuwa la karibu, na kipindi kigumu hurefuka. Usiulize "ulianza kazi mwaka gani?" ukategemea jibu la kwanza. Chora kalenda ya maisha kwenye karatasi kubwa: miaka juu, na chini yake mistari ya makazi, ndoa, watoto, masomo, kazi na afya. Anza na yale yasiyosahaulika, kama kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza au kuhama, kisha mengine myafunge hapo. "Ulipopata kile kibarua, huyu wa pili alikuwa anatembea?" Swali la namna hiyo hufanya kazi ambayo tarehe haiwezi.

Wanandoa wahoji kando kando. Si kwamba mmoja ni mwongo. Kila mmoja ana ndoa yake kichwani, na tofauti kati ya simulizi hizo mbili ni data. Usizipatanishe wala usichague ya kuamini, ziandike zote.

Jizuie kuuliza "zamani mambo yalikuwaje?" Utapewa hotuba. Uliza "ulipokuwa na miaka kumi, nani alikuamsha asubuhi? Nani alikuwa wa mwisho kulala? Fedha zilikaa wapi, na nani alizigusa?" Majibu yatakuja na vyumba, sauti na majina, na humo ndimo mabadiliko yalimo.

Hatua ya 7: Tazama pia, usisikilize tu

Mfano ambao sijaona unaoupita ni wa Marienthal, kijiji cha Austria kisicho mbali na Vienna. Kiwanda cha nguo kilichokilisha karibu kijiji kizima kilifungwa mwaka 1929 na 1930. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld, Hans Zeisel na wenzao walikwenda kuona ukosefu wa kazi unafanya nini kwa maisha. Walikusanya shajara za muda. Waliangalia rejesta ya maktaba na kukuta vitabu vilivyoazimwa vimepungua kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa na watu walikuwa na muda tele. Kisha walisimama dirishani na kupima mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara; wanawake walipita haraka, kwa kuwa kazi zao za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda.

Wengi walitarajia wasio na kazi waasi au wajiendeleze. Vitabu na miguu vilisema kingine: muda uliokosa umbo ulikuwa umewalemea. Jiulize katika utafiti wako miguu iko wapi. Ni kitu gani kinachohesabika, kinachotokea kila siku, ambacho hakuna anayekifanya ili kumpendeza mtafiti?

Hatua ya 8: Chagua watu vizuri

Hapa nitapita haraka, vitabu vya takwimu vinalieleza vya kutosha. Jambo moja tu ni la kwetu hasa. Ukibisha hodi na kumhoji aliyefungua, utawahoji wanaoshinda nyumbani, na nani anashinda nyumbani ndilo jambo unalolitafiti. Orodhesha watu wazima wote wa kaya na uchague kwa nasibu. Mtakwimu Leslie Kish aliweka utaratibu wa kufanya hivyo mwaka 1949 na bado unatumika. Aliyechaguliwa asipokuwepo, rudi jioni, rudi siku ya mapumziko. Usimbadilishe na aliyepo.

Hatua ya 9: Linda watu, hata dhidi ya watu wao

Tunafundishwa kuficha majina yasijulikane na wageni. Katika utafiti wa familia hatari iliyo karibu zaidi iko sebuleni. Mke amekueleza fedha anazoziweka pembeni. Kijana amekueleza kwamba hatarudi kulima. Mzee amekueleza anavyotendewa. Ukichapisha dondoo chini ya jina la bandia, jirani hatamjua, ila mume atajua mara moja, kwa sababu sentensi ni ya mkewe. Kwa hiyo usichapishe pamoja simulizi za watu wa kaya moja pale zinapokinzana katika jambo zito. Badilisha mambo yasiyoathiri hoja, au changanya visa na useme wazi kwamba umechanganya. Dondoo tamu inayoweza kumletea mtu kipigo haina thamani yoyote, iache.

Omba ridhaa ya kila mmoja kivyake. Ridhaa ya mkuu wa kaya si ridhaa ya wote. Mwanzoni sema wazi kwamba anaweza kuruka swali au kusimamisha mazungumzo, na ukiona anasita kwa sababu mtu ameingia, hamia kwenye swali jepesi bila kusubiri akuombe. Uwe na majina ya huduma za msaada zilizo karibu kabla ya mahojiano ya kwanza, kwa maana siku moja utaambiwa jambo ambalo utafiti hauwezi kulibeba.

Hatua ya 10: Chambua, ukitenganisha muundo na mwenendo

Tuseme umepata kwamba watu wazima wanaoishi peke yao wameongezeka kutoka 75 hadi 125 katika kila 1,000. Kichwa cha habari kinajiandika: mshikamano wa familia unakufa. Subiri kwanza, ugawe kwa umri. Katika mwaka wa kwanza, kati ya hao 1,000, wazee walikuwa 100 na wengine 900. Asilimia 30 ya wazee waliishi peke yao, yaani 30. Na asilimia 5 ya wengine, yaani 45. Jumla 75. Katika mwaka wa pili wazee ni 300 na wengine 700. Asilimia ni zilezile: 90 na 35. Jumla 125. Hakuna mtu aliyebadili tabia. Sehemu ya wazee ndiyo iliyoongezeka, basi.

Hizo ni namba za mfano, lakini mtego huo uko kila mahali. Kabla ya kusema watu wamebadilika, shikilia muundo wa mwaka wa kwanza (umri, elimu, mjini au kijijini) na uutumie kwa viwango vya mwaka wa pili. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mwenendo. Wakati mwingine kinabaki kingi, na hapo unaweza kusema kwa sauti.

Kuwa mwangalifu pia na fomula zinazodhani utulivu. Ile ya mwanademografia John Hajnal ya 1953, inayokadiria wastani wa umri wa ndoa ya kwanza kutokana na idadi ya wasiooa kwenye sensa, ni chombo kizuri na rahisi. Lakini inadhani kwamba desturi ya kuoa haijabadilika kwa miongo kadhaa, na wewe umekuja kuuliza kama imebadilika. Ukiitumia, weka pembeni yake namba zinazohusu rika halisi.

Simulizi nazo zichambuliwe kwa nidhamu hiyohiyo. Zisome zote kabla ya kuweka msimbo wa kwanza. Tafuta kisa kinachokataa hoja yako, kiweke kwenye ripoti, na ukieleze.

Hatua ya 11: Andika, rudisha, hifadhi

Kila sentensi yenye neno "ongezeko" au "pungua" iwe na miaka miwili na kundi la watu ndani yake. Kama huwezi kuiandika hivyo, ifute. Usiandike "imesababishwa na" pale ulipoona tu mambo mawili yakitokea pamoja.

Kabla ya kuchapisha, rudi kwa waliokupa siku zao. Wasomee kurasa mbili kwa lugha nyepesi, katika kikao au nyumba kwa nyumba, bila kumtaja mtu. Watakukosoa mahali ambapo msimamizi wako hataweza: "Hiyo haikuwa mapumziko, nilikuwa nasubiri kuitwa kazini."

Mwisho, funga kifurushi. Dodoso kwa Kiswahili kama lilivyoulizwa, pamoja na marekebisho yaliyofanywa baada ya majaribio na tarehe zake. Maelekezo ya wahoji. Namna sampuli ilivyochaguliwa na wangapi walikataa. Orodha ya misimbo. Data iliyoondolewa majina. Weka nakala kwenye hifadhi ya chuo au maktaba, na nyingine kwenye karatasi. Jalada la juu liandikwe mahali, mwaka, na miezi mliyohoji, kwa sababu miaka 20 ijayo mtu atakuja anatafuta zamani ya kulinganisha nayo, na swali lake la kwanza litakuwa: waliuliza kwa maneno gani?